Mfamasia Atoke Dirishani, Aingie Wodini

Mimi ni muuguzi, nafanya kazi Uingereza. Kila ninaporudi Dar es Salaam na kumkuta ndugu amelazwa, kuna mtu ninayemtafuta wodini nisimwone: mfamasia. Hospitalini yupo, tena amesoma vizuri, ila kazi imemfungia nyuma ya dirisha la dawa, anahesabu vidonge na kuwajibu watu, "Hii hatuna, mkanunue nje."

Huku Uingereza, mwongozo wa mwaka 2015 wa NICE, taasisi inayotoa miongozo ya matibabu, unataka dawa za mgonjwa aliyelazwa zihakikiwe ndani ya saa 24. Mfamasia anakuja mpaka kitandani. Anamhoji mgonjwa, anafungua mfuko wa dawa aliokuja nao, anasoma kumbukumbu za kliniki yake, ikibidi anampigia simu binti yake. Kisha analinganisha na alichoandika daktari wa zamu, na hapo ndipo mambo yanapoibuka. Dawa ya kifafa imesahauliwa. Methotrexate ya baridi yabisi, ambayo humezwa mara moja kwa wiki, imeandikwa kila siku, kosa linaloweza kuua. Mgonjwa anatumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, halafu kaandikiwa clarithromycin, antibiotiki ya kifua: damu itakuwa nyepesi mno, anaweza kuvuja damu ndani kwa ndani.

Hamalizi kwa kuandika tu kwenye faili. Anamtafuta daktari, anapendekeza antibiotiki nyingine au kipimo cha INR kinachoonyesha damu inavyoganda, na kesho anarudi kuangalia majibu. Vipimo vya figo anavifuatilia vilevile, maana gentamicin, antibiotiki ya sindano, iliyomfaa mgonjwa Jumatatu inaweza kumharibu Alhamisi figo zikishuka.

Nyumbani haja ya mtu huyu naiona kubwa zaidi. Dawa zinanunuliwa na ndugu, huyu duka hili, yule duka lile, na diclofenac, dawa ya maumivu, inaweza kufika kitandani kwa majina mawili ya kibiashara, zote zikamezwa. Mwenye VVU anayeanza dawa za kifua kikuu zenye rifampicin anahitaji dolutegravir, dawa yake ya VVU, miligramu 50 mara mbili kwa siku badala ya mara moja. Akiwa na kisukari pia, metformin ikitumika pamoja na dolutegravir inawekewa kikomo. Hapo hatujagusa mitishamba iliyo kwenye chupa chini ya kitanda, ambayo mgonjwa hataitaja mpaka aulizwe kwa upole.

Nitaambiwa wafamasia ni wachache na dawa zenyewe hazitoshi. Ni kweli. Lakini uhaba ndio unaofanya kila dozi iliyopotea iume zaidi, na MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, inafundisha famasia ya kliniki. Wahitimu hao wasiishie kusimamia stoo. Waanze hata na ICU, wodi ya mahututi, na wodi ya wagonjwa wa figo, asubuhi tu.

Kikwazo ninachokiogopa zaidi ni heshima ya vyeo. Huku nimemwona mfamasia kijana akimwambia daktari bingwa, "Dozi hii ni kubwa kwa figo hizi," bingwa akashukuru na kuibadilisha palepale. Kwetu kijana huyo atanyamaza asionekane mjuaji. Mkurugenzi wa hospitali na wakuu wa idara watangaze waziwazi kwamba mfamasia ni sehemu ya raundi na swali lake lazima lijibiwe. Agizo hilo halihitaji bajeti ya Wizara. Linaweza kutolewa kwenye kikao cha asubuhi, wiki hii hii.