Ubavu wa mfalme na samaki wa mvuvi

Richard III, mfalme wa Uingereza aliyeuawa vitani Bosworth mwaka 1485, mifupa yake ilikuja kukutwa 2012 chini ya paking ya magari pale Leicester. Wataalamu wakachukua meno, mfupa wa paja na ubavu wakapima isotopu (aina nyepesi na nzito za elementi ileile, kama naitrojeni na kaboni, zinazoingia mwilini na chakula), 2014 wakatoka na majibu kwamba miaka yake ya mwisho jamaa alikuwa anakula vya maana kwelikweli: ndege wa porini, samaki wa maji baridi, na mvinyo ambao huenda ulifika robo ya vinywaji vyake. Watu wakadaka hiyo ya mvinyo, basi, kuuliza mlo wenyewe ulijulikanaje hakuna.

Ni hivi. Jino linaumbika utotoni halafu ndo limetoka hivyo, paja linajijenga upya taratibu kwa miaka kumi na kitu, ubavu ndo wa haraka, miaka michache tu. Sasa ile naitrojeni nzito inaongezeka kila anayekula anapoliwa na mwingine: majani yana kidogo, mbuzi anayo zaidi, anayemla mbuzi zaidi tena. Richard alitawala miezi 26 tu na ubavu wake ulipishana na paja, kwa hiyo inaingia akilini kwamba ikulu ilimbadilishia menyu. Hii kazi mi naikubali, maana mtu analinganishwa na yeye mwenyewe na tarehe za maisha yake zinajulikana (japo hapo kwenye robo ya mvinyo ningeenda polepole, ni mtu mmoja na ubavu mmoja).

Shida inaanza ukienda kwenye makaburi ya watu wasiojulikana, ukapanga naitrojeni kutoka juu hadi chini ukasema hawa wa juu ndo walikuwa wenye nazo. Mchukue mvuvi wa Kilwa anayekula samaki asubuhi jioni kwa sababu ndo kilichopo, halafu bosi wa Dar wa nyama choma kila wikendi. Papa au jodari kala samaki wadogo, ambao nao walikula vidudu vidogo zaidi, foleni ya kulana baharini ni ndefu kuliko ya ng'ombe na majani, so mvuvi anaweza kabisa kumpita bosi kwenye kipimo. Na kaboni nayo ina mitego yake: mtama, uwele na mahindi vina alama moja, mchele na ngano nyingine, lakini ng'ombe aliyelishwa nyasi za savana anabeba alama ya upande wa mtama na samaki wa baharini naye anausogelea huohuo, yaani usipopima kwanza mifupa ya wanyama na samaki wa eneo lenyewe unapiga ramli. Bado shamba lenye samadi, nalo linapandisha naitrojeni ya nafaka, maskini akala uji akaonekana kala nyama. Halafu kolajeni, ile protini ya mfupa inayopimwa, inasema zaidi habari za protini, asali na mafuta vinapita karibu kimyakimya.

Ila upande wa pili, wa wanaoamini mifupa, nao una hoja nzito. Mwaka 2022 watafiti walipitia vipimo vya watu 2,023 waliozikwa Uingereza kati ya karne ya 5 na ya 11, wakalinganisha na dalili za hadhi makaburini, wakakuta wakubwa hawakuwa wanakula nyama kuliko wengine. Kabla ya hapo wanahistoria waliegemea maandishi, kama ile orodha ya vyakula ya enzi za mfalme Ine wa Wessex (ufalme wa zamani hukohuko Uingereza), nyama na mikate mamia, wakadhani ndo mlo wa kila siku wa wakubwa. Kumbe inaelekea ilikuwa ya karamu. Ni sawa na mtu aje asome bajeti ya pilau ya harusi aandike kwamba Waswahili wanakula pilau kila siku! Bila mifupa tungeendelea kuamini hivyo, na mkulima wa kawaida hakuacha barua wala daftari.

Lakini hata hapo nisingekimbilia kusema walikuwa sawa. Nenda jikoni siku ya shughuli: ng'ombe kachinjwa mmoja, wageni wa heshima wanapelekewa mnofu, wapishi nyuma wanabaki na utumbo na kwato, na ubavu wa mgeni na wa mpishi utasomeka karibu vilevile.