Kodi ya Dar na nyumba ya Morogoro

Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, kuna hoja imeshika kasi vijiweni na kwenye makundi ya WhatsApp: ya nini kulipia chumba na sebule Sinza au Tabata, wakati kwa pesa hiyohiyo unapata nyumba nzima Kihonda, Morogoro, ina fensi na uwanja wa watoto kuchezea, na Dar unafika kwa chini ya saa mbili? Wanaobisha hawana maneno mengi: riziki iko Dar, na anayehama atarudi. Kila upande una ukweli wake. Tatizo ni kwamba wengi wanalinganisha kodi na kodi, halafu hesabu inaishia hapo.

Kilio cha wanaotaka kuhama ni cha haki. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 Dar es Salaam. Nyumba zinajengwa kila siku, lakini zinajengwa mbali: Chanika, Kivule, Goba ya ndani, Kigamboni kule mwisho. Aliyekimbia kodi ya Kijitonyama akapanga Chanika, sehemu kubwa ya alichookoa inakwenda kwa konda, na kinachobaki anakilipa kwa usingizi. Anaamka saa kumi alfajiri, anaunganisha daladala mbili au tatu, na jioni anagombania mlango wa gari pamoja na mamia ya wenzake. Kuna wazazi wanaowaona watoto wao wakiwa macho Jumapili tu. Mwendokasi ulioanza 2016 kwa njia ya Kimara uliwapunguzia adha waliokuwa karibu na barabara ile, lakini ukikaa kilomita kadhaa kutoka barabarani bado unahitaji bodaboda asubuhi na usiku, na nauli yake kwa mwezi ni kodi nyingine kamili.

Kwa mtu wa namna hiyo, Morogoro, Dodoma au Tanga si ndoto za mchana. Morogoro soko liko karibu, mboga na ndizi zinashuka kutoka milima ya Uluguru, mchele unatoka Kilombero, na mtoto anaweza kwenda shule kwa miguu. Hayo yote ni pesa, ingawa hayaandikwi kwenye mkataba wa pango.

Lakini tupige hesabu mpaka mwisho. Tuseme unalipa 300,000 kwa mwezi Dar, na Morogoro umepata nyumba ya kiwango hichohicho kwa 180,000. Unaokoa 120,000. Dalali anataka kodi ya mwezi mmoja, yaani 180,000. Gari la kuhamisha vyombo tuliweke 400,000. Hizo 580,000 utazirudisha kwa kodi uliyookoa ndani ya miezi mitano hivi. Mpaka hapo, hama.

Sasa weka treni. Nauli ya kawaida ya Dar hadi Morogoro iliyotangazwa huduma ilipoanza ni 13,000, kwenda na kurudi 26,000. Ukiwa na kazi ya kukuleta Dar siku 22 kwa mwezi, treni peke yake inakula 572,000, kabla hujapanda daladala kutoka stesheni. Ukija mara mbili kwa wiki, ni kama 208,000, na bado umepata hasara. Hata ukija mara moja tu kwa wiki, 104,000 inaondoka, na akiba yako imebaki 16,000. Kwa hiyo ile picha ya kulala Morogoro na kufanya kazi Posta, inayopendwa sana kwenye mijadala, haimfai mtu wa kipato cha kawaida. Treni ni nzuri, na mimi ni mmoja wa wanaoifurahia kwa dhati, ila kazi yake ni safari. Haiwezi kuwa daladala yako ya kila siku.

Ndiyo maana naona swali la kwanza liwe hili: kipato chako kinaweza kuhama na wewe? Mwalimu au muuguzi aliyepata uhamisho, anahama na mshahara wake. Mhasibu anayewatunzia wateja vitabu kwa kompyuta, mbunifu wa matangazo, mstaafu mwenye pensheni, hawa wanaweza kuhama kesho wakaona nafuu mwezi wa pili. Lakini mama lishe mwenye wateja eneo la Gerezani, au kijana anayechukua mzigo Kariakoo asubuhi na kuumaliza jioni, anaishi kwa wingi wa watu. Wingi huo ndio unaopandisha kodi ya Dar, na ndio huohuo unaomlisha. Akihamia mji wenye mzunguko mdogo, kodi itashuka na mauzo yatashuka nayo.

Kuna pia gharama isiyo na risiti. Dar una kikoba, una muuza duka anayekukopesha unga mpaka mwisho wa mwezi, una jirani anayekaa na mtoto ukichelewa. Mji mgeni hakuna anayekujua. Hao watu watapatikana, lakini kabla hawajapatikana unalipa taslimu kila kitu.

Dodoma ina habari yake. Uamuzi wa kuifanya makao makuu ni wa 1973, ila msukumo mkubwa wa kuhamisha wizara ulianza 2016, na watumishi walipofika na mishahara yao, kodi za maeneo kama Kisasa na Area D hazikubaki za zamani. Wengi waliacha familia Dar, wakajikuta wanaendesha nyumba mbili. Anayeifikiria Dodoma kama mji wa bei ya chini afike kwanza aulize bei za leo, na aulize maji yanatoka siku ngapi kwa wiki katika mtaa anaoutaka.

Kutafuta nyumba kwa simu ukiwa Dar ni hatari. Picha haikuonyeshi kama mita ya umeme ya LUKU ni yako au mnachangia vyumba vinne, wala kama njia inapitika mvua zikinyesha. Usitume hela ya kushikilia nyumba ambayo hujaikanyaga. Nenda, fikia kwa ndugu au gesti, zunguka na dalali wa mtaa huohuo, kisha ongea na wapangaji waliopo dalali akiwa hayupo. Pita serikali ya mtaa ujue mwenye nyumba ni nani hasa, maana nyumba ya urithi yenye ndugu wanaogombana inaweza kukutoa kabla kodi yako haijaisha. Na kwa kuwa tangu 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU, kubaliana mapema nani anaibeba, kwa sababu ukinyamaza utaibeba wewe.

Kinachoniuma zaidi katika suala hili ni malipo ya mkupuo. Kwa mfano wetu uleule, mwenye nyumba wa Morogoro akitaka kodi ya miezi sita kwa pamoja, ni 1,080,000. Ongeza dalali na gari, unahitaji 1,660,000 mkononi ili uhamie kwenye nyumba ya bei nafuu. Anayekandamizwa na kodi ya Dar hana pesa hiyo, na aliye nayo mara nyingi hakandamizwi. Sheria ya kudhibiti kodi ya pango ya 1984 ilifutwa 2005, na tangu hapo muda wa kulipa ni makubaliano yenu wawili, ambayo kwa kawaida mwenye nyumba ndiye anayeyapanga. Lakini makubaliano yanajadilika. Omba miezi mitatu, hasa kama nyumba imekaa tupu muda mrefu na fundi bado hajamaliza dari. Mwenye nyumba naye ana hesabu zake, na wapo wanaokubali.