Dola 1,500 kwa saa moja na gorila

Mei 2017 Rwanda ilipandisha bei ya kibali cha kuwaona gorila wa milimani katika Hifadhi ya Taifa ya Volkano, kutoka dola 750 hadi 1,500, kwa mkupuo mmoja. Ng'ambo ya mpaka, katika msitu wa Bwindi nchini Uganda, mgeni wa kutoka ng'ambo anatozwa dola 800. Saa ni ileile moja, na kundi ni lilelile la wageni wasiozidi wanane. Tangu siku hiyo wapo wanaosema Rwanda inakamua watu, na wapo wanaosema mwenye mali ndiye apangaye bei.

Tupige hesabu. Wageni wanane wakilipa bei kamili, familia moja ya gorila inaingiza dola 12,000 kwa asubuhi moja. Hakuna shamba la viazi Musanze, wilaya inayopakana na hifadhi, linalofika hapo, na hoja ya watetezi inasimama juu ya jambo hilo. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kipande kikubwa cha hifadhi hii kilikatwa ili kupandwa pareto, maana pareto ndiyo iliyokuwa ikileta fedha za kigeni. Leo mpango ni wa kuipanua hifadhi. Gorila nao wameongezeka: hesabu zilizotolewa mwaka 2018 na 2019 zilifikisha jumla ya 1,063, wakiwemo 604 wa Virunga, safu ya milima ilimo hifadhi hii.

Ila watetezi wana hoja nyingine nisiyoikubali, kwamba bei kubwa inawakinga gorila na msongamano na mafua yetu. Kinachowakinga ni ile kanuni ya watu wanane, saa moja, barakoa na kukaa mbali nao. Kanuni hiyo ingefanya kazi hata kibali kingeuzwa dola mia.

Wakosoaji nao huanza na swali la nani anaweza kupanda mlima huu. Rwanda imewashushia raia wa Afrika Mashariki hadi dola 200, na hilo ni jambo jema. Lakini mwalimu wa shule ya msingi pale Kinigi, kando ya hifadhi, anayeiona volkano ya Sabyinyo kila asubuhi akifungua dirisha, atazitoa wapi dola 200?

Swali zito zaidi ni pesa inaishia wapi. Rwanda hutenga asilimia 10 ya mapato ya utalii wa hifadhi kwa jamii zinazozizunguka. Kabla ya 2017 ilikuwa asilimia 5. Kwa kibali cha dola 1,500 hiyo ni dola 150. Uganda kwa miaka mingi imekuwa ikitenga dola 10 tu kwa kila kibali cha gorila, pamoja na asilimia 20 ya kiingilio cha getini. Kwa hiyo anayeisifu Bwindi kwa urahisi wa bei yake aseme pia kwamba jirani wa msitu kule anapata kidogo zaidi. Wakati huohuo, zile dola 150 haziishii Kinigi. Zinaingia fungu moja linalogawanywa kwa majirani wa hifadhi zote za nchi, tena zinakuja kama madarasa, zahanati na mabomba ya maji. Mkulima ambaye nyati ameruka ukuta wa mawe na kumkanyagia viazi anahitaji kitu kingine kabisa, na anakihitaji wiki hiyohiyo.

Halafu wapo Wabatwa, waliokuwa wakiishi ndani ya misitu hii kabla haijaitwa hifadhi. Bwindi waliondolewa mwaka 1991. Agosti 2021 Mahakama ya Katiba ya Uganda ilikubali kwamba walitendewa isivyo haki. Miaka thelathini! Leo wengine wanawachezea watalii ngoma wapewe bakshishi, huku vibali vikiuzwa kwa mamia ya dola.

Mimi bei ningeiacha hapohapo ilipo. Mzungu aliyelipa nauli ya ndege hadi Kigali na kulala hoteli ya dola mia kadhaa hanihuzunishi. Ningekibadilisha kile kiwango cha asilimia 10: kiwe 20, na nyongeza yote ibaki kwa kaya zinazopakana na Volkano yenyewe, sehemu yake ikitolewa taslimu kwa walioharibiwa mazao. Kwa wale wageni wanane wa asubuhi moja, nyongeza hiyo ni dola 1,200.