Kisiwa cha Wight kiachiwe wabunge wake wawili

Wiki iliyopita, wakati wa chakula cha mchana kazini hapa Southampton, mwenzangu mmoja alianza kulalamika kwamba Wight, kisiwa kilicho ng'ambo yetu tu kusini mwa Uingereza, imependelewa. Kisiwa kina wabunge wawili tangu uchaguzi wa 2024, kila mmoja na wapigakura wasiofika elfu sitini, na sisi wa bara tunasukumwa sabini na kitu elfu kwa mbunge mmoja. "Wangewaunganisha tu na Lymington," akasema, akimaanisha mji wa bara unaotazamana na kisiwa. "Si feri zipo?"

Nimezaliwa Faza, kisiwani Pate huko Lamu, Kenya. Mtu akiniambia feri zipo, damu inachemka.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo wanayoishikilia. Sheria ya majimbo ya bunge ya 2020 iliweka viti 650, na wastani wa jimbo la kawaida ukawa wapigakura 73,393, ruhusa ya kuzidi au kupungua ikiwa asilimia 5 tu. Wight ina wapigakura zaidi ya 110,000. Ni wengi mno kwa mbunge mmoja, na ni wachache kwa wawili. Kwa hiyo kisiwa kikatajwa ndani ya sheria yenyewe: wabunge wawili, Mashariki na Magharibi, na mpaka wao usivuke maji. Kabla ya hapo watu wote hao walikuwa na mbunge mmoja, na kwa miaka mingi ndilo lililokuwa jimbo lenye wapigakura wengi kuliko yote Uingereza. Miaka hiyo mpigakura wa Wight alipokuwa na uzito mdogo kuliko wa mtu yeyote nchini, sikumsikia mwenzangu wala mwingine akilia kwamba kisiwa kimeonewa.

Wanaodhani kuna upendeleo wasome historia ya kisiwa hiki, kwa sababu upendeleo wa kweli kiliwahi kuuona, na haukuwa wa wananchi. Kuanzia 1584, chini ya Malkia Elizabeth wa Kwanza, miji mitatu ya Wight, yaani Newport, Yarmouth na Newtown, ilipeleka wabunge wawili kila mmoja. Jumla sita. Newtown ilikuwa mji kwa jina tu: ilipofutwa na sheria ya mageuzi ya 1832 ilikuwa na nyumba 14 na wapigakura 23. Ukumbi wake wa mji bado upo, umesimama kati ya mashamba na vijito vya chumvi, nao ni mzuri. Nimeuzunguka mara kadhaa na kila mara nashindwa kuelewa jinsi sehemu ile ilivyoweza kumpeleka bungeni George Canning, aliyekuja kuwa waziri mkuu, wakati Manchester nzima haikuwa na mbunge wake.

Newport ndiyo inayonikera zaidi. Mwaka 1807 ilimpata Palmerston, naye waziri mkuu wa baadaye, wakati huo kijana wa miaka 22, pamoja na Arthur Wellesley, yule atakayeitwa Wellington. Kiti kilikuwa mkononi mwa Sir Leonard Holmes, naye alimpa Palmerston sharti moja: asikanyage Newport kabisa, hata siku ya uchaguzi. Holmes alichelea kwamba akionekana na watu atajijengea nguvu zake mwenyewe pale. Palmerston akakubali, akawa mbunge. Watu wa Newport wakawa na mwakilishi ambaye kuwatembelea kulikuwa ni kuvunja mapatano.

Ndiyo maana nasema shabaha ya mpaka wa jimbo ni kumfanya mbunge afikike. Idadi ni muhimu, sikatai, lakini idadi ni njia ya kufika huko. Ukichora jimbo ambalo nusu ya watu wake wanahitaji chombo ili wamwone mtu waliyemchagua, umewarudisha kwenye sharti la Holmes, hata kama mbunge mwenyewe ana moyo mzuri wa kuwatumikia.

Na hilo lilikaribia sana kutokea. Serikali ya mseto iliyoingia 2010 ilitaka kupunguza viti hadi 600, na wastani ungepanda hadi karibu 76,000. Muswada ulivyoletwa uliviacha nje ya hesabu visiwa vya Uskoti tu: Orkney na Shetland kwa pamoja, na Na h-Eileanan an Iar, yaani Visiwa vya Magharibi. Wight ilikuwa ipewe mbunge mmoja, na wapigakura zaidi ya elfu thelathini waliobaki waunganishwe na Hampshire. Wakazi waliungana, Conservative, Liberal Democrats na Labour kwa pamoja, jambo usiloliona kila siku, wakasema wako radhi kubaki wengi kupita kiasi chini ya mbunge mmoja kuliko kugawanywa na bahari. Rudia kuisoma sentensi hiyo. Walikuwa tayari kura yao iwe nyepesi ili mbunge wao awe wao. Norman Fowler, mtu wa Conservative na waziri wa zamani wa Thatcher, akawasemea katika Bunge la Malodi dhidi ya serikali ya chama chake, na marekebisho ya kukilinda kisiwa yakapita 2011. Huyo simpendi kwa mengine, lakini hapo nampa heshima yake yote.

Sasa turudi kwenye feri. Wight haina daraja wala njia ya chini ya bahari. Unaingia kwa feri kutoka Southampton, Portsmouth au Lymington, au kwa hovakrafti hadi Ryde. Vyombo ni vya kampuni binafsi, nauli hubadilika kulingana na siku na msimu, na upepo ukichafuka safari hufutwa. Mwanamke wa Freshwater, magharibi mwa kisiwa, mwenye shauri la nyumba au la mtoto, ofisi ya mbunge wake ikiwa bara, atalipa kwanza ndipo alalamike. Nyumbani, kusi likivuma, mtu wa Faza huahirisha safari ya Lamu na shida yake huisubiri bahari. Kenya angalau imeandika jambo hili kwenye katiba: kifungu cha 89 kinaruhusu jimbo la eneo lenye watu waliotawanyika kupishana na wastani kwa asilimia 40, na Lamu Mashariki, ambayo watu wake ni wachache hata kwa kipimo hicho, ilisalimika kwa sababu katiba hiyohiyo ilizuia jimbo lililokuwapo kufutwa katika mapitio ya kwanza. Uingereza imejifunga kwa asilimia 5.

Kisha kuna siasa yenyewe. Wight hupiga kura kivyake. Februari 1974 ilimng'oa mbunge wa Conservative na kumweka Stephen Ross wa Liberal, akakaa hadi 1987. Mwaka 1997 ikamchukua Peter Brand wa Liberal Democrats, 2001 ikarudi Conservative. Mwaka 2024 Magharibi ikamchagua Richard Quigley wa Labour, wa kwanza wa chama hicho katika historia ya kisiwa, na Mashariki ikabaki Conservative na Joe Robertson. Ng'ambo ya pili, New Forest West, ambako Lymington ipo, haijawahi kumchagua mtu wa chama kingine zaidi ya Conservative tangu jimbo lianzishwe 1997. Sauti ya Freshwater na Totland ingezama humo.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba kanuni yangu ina matundu. Visiwa vya Scilly vimo ndani ya jimbo la St Ives, maili 28 baharini, na watu wake kama elfu mbili hawawezi kupewa mbunge wao. Ynys Môn kule Wales nayo imelindwa na sheria hiyohiyo ingawa ina madaraja mawili. Na mpigakura wa Birmingham ana haki ya kuuliza kwa nini kura yake ina uzito mdogo kuliko ya mtu wa Ryde. Jibu langu kwake ni kwamba yeye anapanda basi.

Mgawanyo wa sasa nao una kasoro. Baraza la kisiwa ni moja, hospitali kubwa ni moja, St Mary's, iko Newport upande wa Magharibi, na mgonjwa wa Ventnor anaitegemea ingawa mbunge wake ni wa Mashariki. Wabunge hao wawili wa vyama vinavyopingana wanalazimika kusimama pamoja kuhusu nauli za feri na hospitali. Mimi naona hiyo ni faida: serikali ikibanwa na mtu wake na mpinzani wake kwa jambo moja, ni vigumu kusema ni siasa za chama.

Mapitio yajayo ya mipaka yanatakiwa kukamilika kabla ya Oktoba 2031. Najua watajitokeza watu wakiwa na ile 73,393 au namba itakayokuwa imeirithi, wakitaka ulinzi wa Wight uondolewe. Wabunge wa Hampshire, wetu sisi wa upande huu, ndio wanaopaswa kuwa wa kwanza kukataa, na mimi nitamwandikia wa kwangu.