"Mwalimu, imekataa"

Wiki iliyopita mwalimu mwenzangu aliniita nikamsaidie kufufua roboti za darasa lake. Zilikuwa 12, kila moja kwenye boksi lake, na nyingine bado zina ile plastiki nyembamba ya kukinga uso. Tukazichaji. Zikawaka, zikalia ule mlio wao wa kusalimia. Tukafungua programu yake kwenye tableti, nayo ikatuandikia kwamba toleo hilo halitumiki tena. Tukatafuta jipya, halipo. Tovuti ya waliozitengeneza haifunguki. Roboti zenyewe hazina tundu la waya wa kuziunganisha na kompyuta, hazina vitufe vya kuzipangia safari, hazina hata skrubu. Mota nzima, betri nzima, vihisi vizima, na hakuna namna ya kuziambia zisogee hata upana wa kidole.

Mwenzangu alikaa kimya, moja ameipakata mapajani. Kisha akaniuliza, "Sasa mwalimu, ninunue ipi?"

Sikumjibu siku ile kwa sababu nilikuwa na hasira. Namjibu hapa, maana najua hayuko peke yake.

Wengi wetu tunachagua roboti ya darasa kwa kuitazama ikiwa nzima. Inacheza, inageuza macho, inakwepa ukuta, watoto wanapiga makofi, tunaichukua. Lakini aliyewahi kufundisha somo hili anajua kwamba sehemu kubwa ya kipindi roboti haifanyi kazi. Unazunguka meza kwa meza na kila meza inakuita kwa maneno yale yale: "Mwalimu, imekataa." Imekataa kwenda. Imekataa kugeuka. Jana ilikubali, leo imekataa. Kipindi cha roboti ni hicho hasa, na roboti inapaswa kuchaguliwa kwa ajili ya dakika hizo.

Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa roboti yoyote ni hili: ikikataa, mtoto wa miaka 11 anaweza kujua imekataa nini?

Muhula uliopita watoto watatu walikuwa na roboti ya magurudumu mawili iliyokuwa ikipinda kushoto badala ya kunyooka. Walibadilisha programu mara sita. Wakapunguza kasi ya mota ya kulia, ikanyooka, na baada ya dakika chache ikaanza tena kupinda kule kule kushoto. Binti mmoja akaichukua, akaipindua magurudumu juu, akaiacha izunguke hewani. Akategesha sikio kwenye gurudumu moja, halafu jingine. "Hii inalia kama imechoka," akasema. Akachomoa gurudumu la kushoto, na pale kwenye ekseli kulikuwa na uzi wa sweta uliojizungusha hadi ukawa kama pete. Wakautoa kwa kibano. Roboti ikawashwa, ikapinda kulia! Walikuwa wamesahau kurudisha kasi ya mota ya kulia. Wakairudisha, ikanyooka, wakapiga kelele hadi darasa la jirani wakachungulia.

Katika dakika zile 20 watoto wale walijua jambo ambalo sijawahi kufanikiwa kulifundisha ubaoni: kwamba kosa lina mahali linapokaa. Linaweza kukaa kwenye programu, kwenye waya, kwenye betri, kwenye gurudumu, na unaweza kulitafuta sehemu moja baada ya nyingine hadi ulikute. Na yote hayo yaliwezekana kwa sababu gurudumu linachomoka, mota inaonekana, na kasi ni namba wanayoweza kuibadilisha wenyewe. Ingekuwa roboti iliyogandishwa kwa gundi, uzi ule ungeitwa "ubovu", na roboti ingerudi kabatini.

Fikra hii si yangu. Mwaka 1967 Seymour Papert, Cynthia Solomon na Wally Feurzeig walitengeneza Logo, lugha ya kompyuta kwa ajili ya watoto, na baadaye ikaunganishwa na roboti ya sakafuni waliyoiita kobe, inayotembea huku ikichora kwa kalamu. Papert alitaka mtoto akikwama ajifanye kobe: asimame, ayatembee maagizo yake kwa miguu yake mwenyewe, aone kona anayoikosea. Zaidi ya nusu karne imepita na bado sijaona njia inayoishinda. Kwangu hakuna kundi linalowasha roboti kabla mmoja wao hajaitembea ile programu sakafuni, mwenzake akimsomea.

Kwa watoto wa kati ya miaka 10 na 13, mimi naanza na micro:bit, kompyuta ndogo ya bodi moja, iliyofungwa kwenye fremu ya magurudumu mawili. Ndiyo ile bodi ambayo mwaka 2016 BBC ilianza kuigawa kwa wanafunzi wapatao milioni moja wa Uingereza, wa miaka 11 na 12. Sababu yangu si umaarufu wake. Usoni ina taa ndogo 25, na taa hizo humruhusu mtoto kuiuliza roboti, "Unaona nini?" Anaiambia ionyeshe namba inayosomwa na kihisi, naye anaisoma palepale bila kukimbilia kompyuta. Ukiiandikia kwa Python, lugha ya programu ya maandishi, ukakosea, inapitisha maneno ya kosa kwenye taa hizo hizo pamoja na namba ya mstari wenye kosa. Programu unaipeleka kwa waya wa USB kama unavyonakili faili kwenye flashi. MakeCode, ile sehemu ya kuandikia programu kwa bloku, yaani vipande vya maagizo unavyovipanga kwenye skrini, haidai mtoto awe na akaunti, na ina micro:bit ya kuigiza kwenye skrini, kwa hiyo wanaosubiri zamu nao wanafanya kazi. Udhaifu wake upo: haina nguvu ya kuendesha mota yenyewe, inahitaji bodi nyingine ya mota, na bodi hizo ni nyingi na kila moja ina bloku zake. Chagua moja kwa darasa zima, usichanganye.

Arduino, bodi nyingine ya aina hiyo unayoiandikia programu kwa maneno, naipenda, imetoka Ivrea, Italia, tangu 2005, na nyumbani ndiyo ninayotumia. Lakini mwezi wa kwanza wa mtoto asiyejua lolote si mahali pake. Nukta mkato moja ikisahaulika, programu nzima inagoma, na waya ukichomekwa tundu moja pembeni hakuna kinachokuambia. Wape wakifika miaka 14.

LEGO, roboti za vipande vya plastiki vya kuunganisha, haya, nakubali. Vipande vyake havipotezi muda, waya hauwezi kuuchomeka kinyume, na kama kipindi chako ni cha dakika 40 hilo si jambo dogo. Nimeona walimu hodari wakifanya makubwa na SPIKE Prime, seti yao moja ya roboti. Ila kumbukeni kwamba Mindstorms, seti yao ya zamani, ilianza 1998, ikawa karibu ndiyo jina lenyewe la roboti za shule, na mwisho wa 2022 kampuni ikaacha kuiuza. Kilichoiokoa EV3, toleo la Mindstorms la 2013, ni kwamba ndani yake ilikuwa inaendeshwa na Linux, mfumo wa kompyuta ambao yeyote anaruhusiwa kuubadilisha, na ilikuwa na tundu la kadi ya kumbukumbu. Watu wa kujitolea walikwisha kutengeneza ev3dev, mfumo mwingine unaowekwa kwenye kadi: ukiichomeka roboti inawaka kwa mfumo huo, ukiichomoa inarudi ilivyokuwa. Tundu dogo la kadi! Roboti zile 12 za mwenzangu zingekuwa na tundu kama hilo, leo zingekuwa sakafuni zinagonga miguu ya madawati.

Watoto wa miaka mitano au sita wapeni Bee-Bot, roboti ndogo ya sakafuni yenye umbo la nyuki. Imefungwa, ndiyo, lakini vitufe vya mishale viko mgongoni, haihitaji skrini, na pale kinachokosewa ni hesabu ya hatua tu.

Na roboti zote zinazotegemea Bluetooth, zijaribuni zikiwa kumi chumba kimoja kabla ya kuzichukua, maana kundi moja litaunganishwa na roboti ya kundi jingine na kipindi kitaisha hivyo.

Sasa kuhusu kujifunza, na hapa nazungumza na walimu wenzangu kwa moyo wangu wote. Usiingie darasani na roboti ambayo hujawahi kuiona ikikukatalia wewe mwenyewe. Kaa nayo mwezi mmoja. Wiki ya kwanza washa taa tu, izime, iwashe kwa kitufe. Wiki ya pili mota moja. Ya tatu kihisi, bila kutembea kabisa, unasoma namba zake tu. Ya nne ndipo uviunganishe. Wengi wanaruka hiyo wiki ya tatu, na ndiyo yenye utajiri wote. Kihisi cha umbali kinapiga sauti isiyosikika na sikio, kisha kinapima muda wa mwangwi kurudi. Kitu kikiwa mita moja mbele, kwenda na kurudi ni karibu milisekunde 6. Kiweke mbele ya ukuta, andika namba. Kiweke mbele ya ukuta ule ule kwa mshazari. Kiweke mbele ya sweta. Namba zitayumba, maana nguo inameza sauti na ukuta ulioinama unaitupa pembeni. Ukishaliona hilo kwa macho yako, siku roboti itakapokwepa viti vyote kisha ikajigonga kwenye begi la mtu, utajua pa kuanzia kuuliza.

Na betri. Kama ningepewa dakika moja tu na kila mwalimu anayeanza, ningeitumia kwa betri. Betri nne za kawaida za volti 1.5 zinakupa volti 6. Nne za kuchaji, za volti 1.2, zinakupa 4.8. Ukubwa ni ule ule, tundu ni lile lile, na kasi ni tofauti. Mtoto aliyeandika "zungusha mota kwa sekunde 0.6 ili igeuke robo duara" atapata robo duara leo, na keshokutwa betri zikichoka atapata pembe nyingine kabisa. Hajakosea popote kwenye programu yake. Nimeona watoto wakifuta kazi nzuri ya wiki nzima kwa sababu hakuna aliyewaambia wapime betri kwanza, na mara ya kwanza asiyewaambia nilikuwa mimi. Tangu hapo mita ya volti inakaa mezani, na kupima betri ndiyo hatua ya kwanza mtu akisema imekataa.

Juzi nilirudi kwa mwenzangu. Tulichukua moja kati ya zile 12, tukaipasua ganda kwa kisu taratibu, betri yake tukaitenga. Ndani mlikuwa na mota mbili ndogo zenye gia, nzuri mno. Tukazigusisha kwenye betri mbili za tochi, zote zikazunguka. Amekubali zilizobaki zipasuliwe na sisi wawili, kisha watoto wazifunge mota kwenye fremu mpya watakazokata wenyewe. Wanaanza Jumatatu. Jozi tuliyoijaribu, ya kushoto inazunguka polepole kidogo kuliko ya kulia. Tumeiacha hivyo hivyo.