Wageni wanaokuja kutujengea shule tuwaambie ukweli

Kila ukifika mwezi wa sita, vijana wa sekondari na vyuo vya Ulaya na Marekani huanza kushuka uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA), mabegi mgongoni, kuelekea vijiji vya Kilimanjaro, Arusha na Tanga. Wamekuja kujitolea kujenga shule. Nawaheshimu kwa dhati. Kijana anayeacha likizo yake akaja kuchanganya zege juani si mtu wa kubezwa. Ila nimekulia Upare, kwenye msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, na naona sisi wenyeji hatuwatendei haki, kwa sababu hatuwaambii kwamba kijiji hakijakosa mikono.

Asiyejua msaragambo ni nini aje Same au Mwanga. Siku ikitangazwa, kila kaya hutoa mtu. Wanaume huchimba msingi na kuponda mawe, akina mama husomba mchanga wa korongoni na maji ya mtoni, na asiyetokea bila sababu hutozwa faini. Serikali ilipoanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari mwaka 2004, shule nyingi za kata nchini zilisimama kwa nguvu za wananchi namna hiyo. Watu waliinua maboma, yaani kuta zisizoezekwa. Kisha boma likafika usawa wa renta, juu ya milango na madirisha, likasimama, mvua zikalinyeshea msimu hadi msimu. Halikusimama kwa kukosa wabebaji wa matofali. Lilikwamishwa na saruji, nondo, mbao za kenchi na mabati, vitu ambavyo havipatikani kwa jasho la mtu bali kwa fedha taslimu dukani.

Sasa tupige hesabu. Mwaka 2021, serikali ilipojenga madarasa 15,000 kwa fedha za UVIKO-19 zilizotoka Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF), kila darasa lilitengewa shilingi milioni 20. Nauli ya ndege kutoka Ulaya kuja na kurudi aghalabu hupita milioni mbili kwa mtu mmoja. Kikundi cha vijana kumi kimeshatumia darasa zima kwa nauli tu, kabla hawajala wala kulala. Waandaaji hujibu kwamba bila safari fedha hizo zisingechangwa kamwe, kwa kuwa mtu huchangia anachokwenda kukiona kwa macho yake. Nakubali, ni kweli. Ndiyo maana sisemi wasije.

Ninachosema ni kwamba kazi ya ujenzi ina wenyewe. Siku hizi miradi mingi ya shule huendeshwa kwa fosi akaunti: kamati ya shule inanunua vifaa na kuingia mkataba na fundi wa hapo hapo. Fundi huyo ana vijana wake, saidia fundi, wanaolipwa kwa siku. Anapofika mgeni kubeba zege bure, kijana wa kitongojini hukosa riziki ya siku hiyo, na uchumi wa kijiji hauna pa kuifidia. Ufundi wenyewe pia haujifunzwi kwa wiki mbili. Ukuta unataka timazi na pima maji, na zege hutegemewa kubeba mzigo baada ya siku 28. Waliolimwaga watakuwa wamesharudi kwao kitambo kabla halijakomaa. Na maji? Juni na Julai ni kiangazi. Kila ndoo inayoingia kwenye zege, na kila ndoo ya mgeni kuoga, imebebwa kichwani na mwanamke kutoka bondeni. Mwanamke huyo simuoni kwenye picha za safari hizi.

Jambo linaloniuma zaidi ni kwamba Juni shule zetu huwa zimefungwa. Mgeni anayekuja na kuondoka mwezi huo anajenga darasa bila kuliona darasa likifanya kazi. Tangu elimumsingi iwe bila malipo Januari 2016, watoto wamefurika. Mkondo uliokusudiwa watoto 45 unaweza kuwa na zaidi ya mia moja, na mwalimu ni mmoja. Ukiongeza chumba cha pili, mwalimu huyo huyo ataugawanya mwili wake vipi? Na mwalimu anayepangiwa kijiji cha milimani akakosa pa kuishi, hupanga chumba mbali, masika yakiingia njia inakatika, na mwakani anaomba uhamisho. Nyumba ya mwalimu haipendezi pichani, haina watoto wa kuimba mbele yake siku ya ufunguzi. Lakini kwa shule za milimani kwetu, ningeitanguliza mbele ya darasa.

Lawama siwarushii vijana wale. Wao hawajui, wameambiwa tu kwamba kuna shule ya kujenga. Sisi ndio tunaojua, tukanyamaza kwa adabu ya kumpokea mgeni, tukiogopa kwamba tukisema "hili silo tunalohitaji" ataondoka na msaada wake. Mimi naamini wengi wao wangeshukuru kuambiwa. Mtu aliyetoka mbali kiasi hicho kwa nia njema anastahili kusaidia penye shida yenyewe.

Basi wenyeviti wa vijiji, walimu wakuu, na ninyi vijana wetu mnaoratibu safari hizi, suala hili lianzie kwenye mkutano mkuu wa kijiji, miezi kabla ya mtu yeyote kukata tiketi. Muhtasari useme tumekwama wapi: nyumba ya walimu, matundu ya vyoo vya wasichana, tangi la kuvunia maji ya mvua, au boma lile linalosubiri mabati. Gharama ziandikwe, malipo ya fundi na vijana wake yakiwemo, kisha apelekewe mgeni karatasi hiyo. Akija, aje Julai shule zikiwa zimefunguliwa, afanye kazi chini ya fundi kama saidia fundi mwingine yeyote, na apewe asubuhi moja ya kukaa nyuma ya darasa la kwanza hadi kengele ya mapumziko.