Darasa zima lina tatizo la macho

Aisee ngoja niwape hiki. Mi nafundisha vijana wa kidato cha kwanza habari za rangi, na nimechoka kurudi nyumbani na mashati yenye madoa, nikasema leo tunaenda kidijitali. Nikaazima projekta, tukaziba madirisha kwa mashuka, nikafungua kwenye laptopu programu yenye vijiti vitatu vya kuburuta, nyekundu, kijani na bluu, kila kimoja kinaanzia 0 kinaishia 255, ukivuta tu rangi inabadilika hapohapo.

Nikaanza kwa mbwembwe. "Nyekundu na kijani za kwenye kopo mkizichanganya mnapata nini?"

"Tope!"

Haya. Nikavuta nyekundu 255, kijani 255, ukutani ikawaka njano, watoto wakapiga makofi, na mi nikavimba kana kwamba nimeigundua mwenyewe. Nikawaambia huu ni mwanga, mwanga ukijumlishwa unazidi kung'aa, sasa naongeza bluu yote, tumepata nini?

"Njano!"

Nacheki laptopu, nyeupe pee. "Angalieni vizuri." "Njano ticha!" Nikajua ni ukuta tu, maana umepakwa krimu zamani huko na vumbi juu yake, nikawaamuru waandike hiyo ni nyeupe, wakaandika. Nikabakiza bluu peke yake, dogo wa mbele akasema nyeusi. Masikini, nikamwonea huruma, nikamwita pembeni nikamweleza taratibu kwamba kuna watu hawatofautishi baadhi ya rangi, wengi ni wavulana, wala si jambo la kuona aibu.

Dogo kanisikiliza kwa adabu zote, halafu akauliza, "Na mama wa usafi je, mwalimu?"

Kumbe mama yuko mlangoni na ndoo yake, na yeye anaona nyeusi.

Ndo nikageuka. Ukuta mweusi tii.

Kebo bwana! Ile ya VGA, inayotoa picha kwenye laptopu kupeleka kwenye projekta, kila rangi ina kipini chake, na kile namba 3 cha bluu kimepinda, kimejilalia zake kama mlinzi wa usiku. Mama akachomoa pini ya nywele, tukakinyoosha, nikachomeka, ukuta ukang'aa mpaka macho yakauma.

Kimya. Dogo akanyoosha mkono.

"Mwalimu, pale tulipoandika njano ni nyeupe, tufute au itatoka kwenye mtihani?"